Sako kwa Bako: Kumbukumbu za Majukwaa ya Mbio za Stoku

Katika jamii ya michezo ya magari, mbio za stoku, yaani zile zinazoshindanisha magari ambayo umbo lake la nje linafanana na la gari la kawaida linalouzwa dukani, si mbio zenye kasi kubwa kuliko zote wala zenye teknolojia ya juu kuliko zote, na mtu anayetafuta mojawapo ya sifa hizo atazipata mahali pengine kwa urahisi zaidi. Mwaka 2024 dereva aliyetwaa nafasi ya kwanza ya kuanzia katika Indianapolis 500, ambako hushindana magari mepesi yenye magurudumu yaliyo wazi, aliendesha kwa wastani wa takriban kilomita 377 kwa saa, ilhali mwenzake wa Daytona 500, mbio zenye heshima kubwa kuliko zote katika ulimwengu wa stoku, hakufikisha hata kilomita 300. Gari la Formula One lina uzito wa takriban kilo 800 likiwa na dereva ndani. La stoku hukaribia tani moja na nusu, halina mfumo wa kompyuta wa kuzuia matairi yasiteleze, na linapoingia kona huonekana zito kweli, likiyumba na kulalamika. Hoja inayotetewa hapa, iliyojengeka kwa miaka ya kuketi majukwaani na kuwasikiliza wanaoketi jirani, ni kwamba mashabiki wa mbio hizi huvutwa na ukaribu: ukaribu wa gari na gari, wa dereva na dereva mwenzake anayemhitaji na kumwogopa kwa wakati mmoja, na wa mtazamaji na kila linalotendeka mbele ya macho yake.

Ukaribu huo haukujitokeza wenyewe. Chama kinachosimamia mbio za stoku Marekani, NASCAR, kilizaliwa katika kikao kilichoitishwa na Bill France mnamo Desemba 1947 katika hoteli ya Streamline mjini Daytona Beach, Florida, kikasajiliwa Februari 1948, wakati ambapo mbio za aina hiyo ziliendeshwa bila utaratibu katika viwanja vya udongo vya majimbo ya kusini. Baadhi ya madereva na mafundi wa siku zile walikuwa wameipata stadi yao katika kusafirisha pombe ya magendo, gongo ya mahindi iliyopikwa milimani kwa siri ili kukwepa ushuru, na kazi hiyo ilidai gari ambalo kwa nje halimshtui polisi lakini ndani lina injini iliyoongezwa nguvu na springi za nyuma zilizoimarishwa ili libebe shehena bila kuinama. Tarehe 19 Juni 1949, katika mbio za kwanza za daraja ambalo leo huitwa Cup, zilizofanyika Charlotte, Carolina ya Kaskazini, Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza akiwaacha wenzake mbali, kisha wakaguzi wakakuta kwamba springi za nyuma za Ford yake zimechezewa kwa mtindo uleule wa wasafirisha magendo, wakampokonya ushindi na kumpa Jim Roper wa Kansas. Tukio hilo husimuliwa zaidi kama kichekesho cha kale, lakini linastahili kutazamwa kama msingi wa mchezo wenyewe, kwa kuwa siku ya kwanza kabisa chama kilitamka kwamba magari lazima yalingane na kwamba ushindi utafutwe kwa namna nyingine isiyokuwa kumzidi mwenzako chombo. Mafundi hawajaacha kuijaribu sheria hiyo tangu siku ile, wala wakaguzi hawajaacha kuwavizia, na mashabiki huufuatilia mvutano huo kwa hamu ileile wanayoufuatilia ule wa barabarani.

Mtazamaji aliyelelewa Afrika Mashariki, kama alivyo mwandishi wa makala haya, huja katika mbio hizi na kipimo chake mwenyewe, nacho ni Safari Rally. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, huyaachia magari moja baada ya jingine, kila moja likishindana na saa, na mtu aliyesimama kando ya barabara ya vumbi karibu na Naivasha huliona kila gari kwa sekunde chache tu, kisha hubaki akiulizia redioni nani anaongoza. Utamu wake ni mkubwa, na majina ya Joginder Singh na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5, hayajafutika vinywani mwa wazee, lakini ni utamu wa dereva anayepambana na nchi, na mawe yake, matope yake na wanyama wanaokatiza njia. Formula One nayo, kwa aliye uwanjani, humwonyesha kona moja au mbili za njia ambayo mara nyingi ina urefu wa kilomita tano hivi, na sehemu kubwa ya mashindano humpitia kwenye skrini, sawa na aliyebaki nyumbani.

Uwanja wa Martinsville, katika jimbo la Virginia, ni kinyume cha hayo yote. Ni duaradufu ndogo ambayo mzunguko wake ni mita 850 hivi, iliyokuwepo tangu 1947, kabla hata NASCAR haijasajiliwa, na hakuna kiti ambacho aliyekikalia haioni njia nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Magari zaidi ya 30 yanapowekwa katika nafasi hiyo, mkia wa msafara huwa umekaribia kichwa chake, na baada ya dakika chache kiongozi huanza kuwapita walio nyuma kabisa, ambao kila mmoja ana ugomvi wake na hana haraka ya kumpisha mtu. Kwenye kila kona madereva hukanyaga breki kwa nguvu nyingi kiasi kwamba, giza likianza kuingia, diski za breki huonekana ziking'aa nyekundu ndani ya rimu kama makaa. Vijipande vya mpira vinavyomenyeka kutoka kwenye matairi huruka juu ya uzio na kutua kwenye mikono ya walioketi safu za chini, kwenye kofia zao, na juu ya mkate wenye soseji nyekundu na kabichi iliyokatwakatwa, chakula ambacho uwanja huo unajulikana nacho karibu sawa na unavyojulikana kwa saa kubwa ya kusimama ambayo mshindi amekuwa akizawadiwa tangu 1964.

Anayetazama kwa mara ya kwanza humkodolea macho anayeongoza, na kwa kuwa anayeongoza mara nyingi yuko peke yake, huanza kuona mbio zimepoa. Aliyezoea hafanyi hivyo. Mashabiki wa Martinsville hutazama kokote kwenye msuguano, na msuguano unaweza kuwa katika nafasi ya 14, ambako madereva wawili wamekwenda sako kwa bako kwa mizunguko kumi, mmoja akiwahi kona kwa ndani na mwingine akimkuta kwenye njia iliyonyooka, bila yeyote kukubali kurudi nyuma. Hilo ni somo ambalo mtu hulipata majukwaani kwa kufuata vidole vya jirani zake: watu elfu nyingi wanaweza kuinuka kwa pamoja kushangilia tukio ambalo halimhusu kabisa anayeshinda, kwa sababu katika uwanja unaoonekana wote mashindano huwa mengi kwa wakati mmoja na kila mtu ana hiari ya kuchagua lake.

Katika viwanja vikubwa ukaribu una sababu nyingine, nayo ni hewa. Gari linalokwenda kasi hupasua upepo na kuacha nyuma yake hewa iliyolegea. Gari la pili likijibanza humo halipigwi tena na upepo wa mbele, na bampa lake likisogea vya kutosha hulipunguzia gari la mbele ule mvuto wa hewa unaolirudisha nyuma, hivyo magari mawili yanayofuatana unyounyo huenda kasi kuliko gari moja lililo peke yake. Anayesifiwa kwa kuitumia siri hiyo mbele ya wengine ni Junior Johnson, mtoto wa mpika gongo wa Carolina ya Kaskazini, ambaye mwaka 1956 alikamatwa kwenye mtambo wa baba yake akafungwa gerezani, na miaka 30 baadaye akapewa msamaha na Rais Ronald Reagan. Katika mazoezi ya Daytona 500 ya mwaka 1960 Johnson aligundua kwamba Chevrolet yake, iliyozidiwa waziwazi na magari ya Pontiac, haikuachwa hata kidogo ilipojibanza nyuma yao. Siku ya mbio akajibanza hivyohivyo, akangoja, akashinda.

Matokeo ya ugunduzi huo yanaonekana vizuri zaidi Talladega, Alabama, uwanja wa maili 2.66 uliofunguliwa mwaka 1969, ambao kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 33, mwinuko ambao mtu akijaribu kuupanda kwa miguu hulazimika kujisaidia kwa mikono. Mwaka 1987 Bill Elliott alizunguka hapo peke yake, kabla ya mbio, kwa wastani wa takriban kilomita 342 kwa saa, na siku chache baadaye, mbio zenyewe zilipofanyika, gari la Bobby Allison lilipasuka tairi, likaruka na kung'oa sehemu ya uzio unaowakinga watazamaji. Kuanzia 1988 chama kikaamuru kwamba katika Daytona na Talladega kabureta iwekewe chini yake bamba la chuma lenye matundu madogo, ili injini ipate hewa kidogo na kasi ipungue. Kasi ilipungua kweli, lakini jambo lingine likatokea: kwa kuwa magari yote yalibanwa kwa kipimo kimoja, hakuna lililoweza tena kulikimbia jingine, yakawa yanakwenda kundi moja la magari 30 au zaidi, safu mbili hadi tatu, bega kwa bega, muda wote wa mbio. Mwaka 2011, katika mbio za majira ya kuchipua za Talladega, uongozi ulibadilika mara 88, na Jimmie Johnson akamshinda Clint Bowyer kwa sekunde 0.002.

Kundi hilo huwavutia watu kwa sababu iliyo ndani zaidi ya msisimko wa macho. Dereva akijitoa kwenye safu ili ashambulie, na asipopata mtu wa kumfuata, hewa humkamata na magari kumi humpita kabla hajapata pa kurudi. Akipata wa kumsukuma, anaweza kwenda hadi mbele, lakini sasa yuko mikononi mwa huyo aliye nyuma yake, ambaye ana mbio zake mwenyewe za kushinda. Urafiki huundwa na kuvunjwa kwa sekunde, mshirika wa mzunguko huu huwa adui wa mzunguko wa mwisho, na timu zinazotumia magari ya kampuni moja, zilizokubaliana asubuhi kusaidiana, husahau makubaliano hayo bendera nyeupe ya mzunguko wa mwisho inapopepea. Katika michezo mingine ya magari mtu akiwa na chombo bora kuliko wote anaweza kuondoka na kuwasahau wenzake, kama Max Verstappen alivyofanya mwaka 2023 aliposhinda mbio 19 kati ya 22 za Formula One, jambo linalostahili pongezi kama kazi ya ustadi lakini lililowaacha watazamaji wengi wakisinzia kabla ya saa moja kuisha. Talladega haimruhusu mtu kuondoka, kwa kuwa aliye bora kuliko wote huhitaji kusukumwa na mtu anayetaka kumshinda.

Jambo la tatu ni kugusana. Magari yenye magurudumu wazi hayawezi kugusana bila hatari kubwa, kwa maana gurudumu likikutana na gurudumu linalozunguka gari hupaa. La stoku limefunikwa mwili mzima, lina bampa mbele na nyuma, na linaweza kuvumilia kipigo na kuendelea. Hivyo bampa limekuwa lugha. Kuna mguso wa kumjulisha mtu kwamba upo, kuna wa kumwambia apishe, kuna wa kumtikisa ili ateleze nusu njia na kumwachia mwenzake upande wa ndani, na kuna wa kumwangusha, na mipaka kati ya hiyo haikuandikwa popote ila kila shabiki anayo kichwani. Tarehe 28 Agosti 1999, katika mbio za usiku za Bristol, Tennessee, Dale Earnhardt alimgusa Terry Labonte kwenye mzunguko wa mwisho, Labonte akazunguka na kugonga, Earnhardt akashinda, na uwanja uliojaa watu ukamzomea mtu ambaye huenda hapakuwa na dereva aliyependwa kuliko yeye wakati ule. Waliovaa fulana zenye namba 3 yake walikuwa miongoni mwa waliozomea. Hilo linaonyesha kuwa mashabiki hawaji kuangalia fujo. Wanaujua ugomvi wa haki na usio wa haki, na wanahisi kwamba wao ni mashahidi wenye jukumu la kusema.

Ushahidi huo husaidiwa na kifaa ambacho hakina mfano katika michezo mingi, nacho ni redio ndogo ya mkononi inayokodishwa getini, pamoja na visikizio vikubwa vya kuziba masikio, ambayo humwezesha mtazamaji kusikiliza mazungumzo ya dereva yeyote na timu yake wakati mbio zikiendelea. Kila dereva huzungumza na watu wawili hasa: fundi mkuu, anayepanga mafuta, matairi na mbinu, na mwangalizi, mtu anayesimama juu ya paa la jengo la uwanja na kumwambia dereva yasiyoonekana kutoka ndani ya gari, kwamba kuna gari ubavuni, kwamba sasa halipo, kwamba mbele kuna moshi ashike chini. Jioni moja huko Martinsville mzee mmoja aliyeketi jirani na mwandishi, aliyekuwa amekuja na redio yenye visikizio viwili, alimkabidhi kimoja na kumwonyesha gari la kufuata. Dereva wake alikuwa akilalamika kwa sauti ya uchovu kwamba gari linakataa kukata kona, linakwenda moja kwa moja kila anapogeuza usukani. Fundi mkuu hakujibu mengi. Gari lilipoingia piti, yaani njia ya pembeni ambako mafundi hubadilisha matairi na kujaza mafuta, fundi mmoja alichomeka spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma akaizungusha kidogo, kwa kiasi ambacho macho yasiyoelekezwa yasingekiona, na gari likaondoka. Mizunguko michache baadaye malalamiko yalikoma. Sauti ileile, sasa imechangamka, ikasema gari limekaa sawa, na gari lenyewe likaanza kumpita mmoja, kisha mwingine. Mzee alikuwa ameuona mnyororo mzima, kuanzia lalamiko hadi spana hadi nafasi mpya, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyeshiriki katika kazi.

Si kila kinachofanywa ili kuleta ukaribu kinastahili sifa sawa. Ajali inapotokea au taka inapoanguka njiani, bendera ya njano hupeperushwa, magari yote hupunguza mwendo na kujipanga upya nyuma ya gari la kuongoza, hivyo aliyekuwa mbele kwa sekunde kumi hujikuta hana kitu. Tangu 2004 mbio zinazokaribia kuisha chini ya bendera ya njano huongezwa mizunguko ili zimalizike kwa ushindani, na tangu 2009 magari huanza tena mawilimawili badala ya kufuatana. Hatua hizo zina haki ndani yake, kwa maana mtu aliyesafiri na kulipa kiingilio ana haki ya kuona mbio zikimalizika kama mbio. Lakini kugawa mbio katika vipande vyenye vituo vilivyopangwa, utaratibu ulioanza mwaka 2017, huwakusanya madereva kwa ratiba bila sababu iliyotoka barabarani, na mfumo wa mtoano ulioanzishwa mwaka 2014, ambao uliacha taji la msimu wa mbio 36 liamuliwe kati ya madereva wanne katika alasiri moja, uliwadhulumu wengi waliofanya kazi bora kuanzia Februari. Vilevile ukaribu peke yake hautoshi: gari jipya lililoanza kutumika mwaka 2022 lililinganisha timu kuliko wakati wowote, lakini katika viwanja vifupi kama Martinsville kupitana kukawa kugumu, na mashabiki walewale wanaopenda magari yakaribiane wakalalamika kwa sauti, kwa kuwa magari yaliyokaribiana yasiyoweza kupitana ni foleni tu.

Ukaribu una gharama, na maandishi yoyote yanayousifu bila kuitaja gharama hiyo hayasemi kweli. Mwaka 1998 Dale Earnhardt, bingwa mara 7 aliyekuwa ameshinda karibu kila kitu isipokuwa Daytona 500, aliishinda hatimaye katika jaribio lake la 20, na alipokuwa akielekea kupokea kombe mafundi wa timu zote walitoka wakajipanga kando ya piti ili kila mmoja amguse mkono, wapinzani wake wote aliowahi kuwagonga na kuwasukuma. Tarehe 18 Februari 2001, katika uwanja uleule, kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, gari lake liliguswa, likapanda na kugonga ukuta, naye akafa. Kwa wale wanaodai kwamba watu huenda mbioni kungojea ajali, siku ile na miezi iliyofuata ni jibu: watu walilia majukwaani, na katika mzunguko wa tatu wa mbio zilizofuata walinyanyua vidole vitatu kwa ukimya. Baadaye mwaka huohuo kifaa cha kuzuia kichwa kisitupwe mbele kikawa lazima, na kuanzia 2002 kuta za zege zikaanza kuvikwa kuta za chuma zenye povu nyuma yake zinazopunguza kishindo. Hakuna dereva aliyekufa katika mbio za daraja la Cup tangu hapo. Gari la Ryan Newman lilipopinduka na kugongwa katika mita za mwisho za Daytona 500 ya mwaka 2020, uwanja ulinyamaza kwa hofu iliyojulikana vizuri. Siku mbili baadaye alitoka hospitalini kwa miguu yake, ameshikana mikono na binti zake wawili.

Kuna gharama nyingine ambayo haikulipwa na wote kwa usawa. Si mbali na Martinsville, katika mji wa Danville, ndiko alikozaliwa Wendell Scott, dereva mweusi aliyeanza kwa kuendesha teksi na kubeba gongo, akawa fundi wa gari lake mwenyewe, na ambaye tarehe 1 Desemba 1963 huko Jacksonville, Florida, alishinda mbio za daraja la juu. Ushindi alitangaziwa Buck Baker, mzungu, akapewa kombe mbele ya watu. Saa kadhaa baadaye, majukwaa yakiwa matupu, waandaaji wakakubali kwamba Scott ndiye aliyeshinda. Alifariki mwaka 1990 bila kukabidhiwa kombe lake halisi, na ilipofika 2021 ndipo chama kilipoipa familia yake kombe kwa ajili ya ushindi ule. Mwaka huohuo, Oktoba, Bubba Wallace akawa mweusi wa pili kushinda mbio za daraja hilo, huko Talladega, mwaka mmoja baada ya chama kupiga marufuku bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa, ambayo kwa miongo mingi ilipepea juu ya mahema ya mashabiki. Mtu mweusi anayeketi katika majukwaa hayo leo, akiazimwa kisikizio na mzee asiyemjua, anakaa mahali ambapo Scott alinyimwa hata ushahidi wa macho ya watu, na uzito wa kunyimwa huko huonekana vizuri zaidi kwa aliyekwisha kuelewa kwamba katika mchezo huu kushuhudiwa ndiko nusu ya ushindi.

Hadi leo swali la mipaka halijapata jibu. Tarehe 30 Oktoba 2022, huko Martinsville, Ross Chastain, mtoto wa familia ya wakulima wa matikiti maji wa Florida, alihitaji kupata nafasi mbili katika mzunguko wa mwisho ili aingie fainali, akaweka gia ya tano, akalilaza gari kwenye ukuta wa nje na kukanyaga mafuta bila kuachia, ukuta ukimzungusha kona yote, akapita magari matano kwa mpigo, mbinu ambayo alisema aliijaribu utotoni katika mchezo wa video. Watu walishangilia kwa kelele zisizo za kawaida, na miezi mitatu baadaye chama kikatangaza kwamba atakayerudia ataadhibiwa. Agosti 2024, huko Richmond, Austin Dillon alimgonga Joey Logano na kisha Denny Hamlin katika kona za mwisho na kushinda. Chama kikamwachia ushindi wake lakini kikamnyima nafasi ya kuingia mtoano kwa ushindi huo, na rufaa yake ikakataliwa. Wapo wanaosema adhabu ilikuwa kali mno, kwa kuwa bampa ni sehemu ya mchezo tangu siku za udongo, na wapo wanaosema ushindi wenyewe ungepaswa kufutwa kama ulivyofutwa wa Dunaway, na pande zote mbili hukata tiketi za mbio zinazofuata za Richmond na kuketi safu moja.